Sura Niliyoichonga Kwenye Lino

Vijana wa chuo, mlinialika mwezi uliopita nikaja, mkaniketisha kiti cha mbele, mkanipa soda. Msichana mmoja mwenye miwani akainuka akauliza, "Shosho, staili yako uliipata aje?" Nikasema nilifanya bidii na kumwomba Mungu. Mkapiga makofi. Nilirudi nyumbani nimechoka kuliko zile siku nilizokuwa nikisimama mbele ya mashine kutoka asubuhi hadi jioni, kwa sababu sikuwa nimejibu swali la yule msichana, na nilijua sikulijibu.

Basi leo najibu. Mikono yangu inatetemeka, kwa hiyo mjukuu wangu ndiye anayepiga kwenye kompyuta huku mimi nikisema. Kila mara ananikatiza: "Shosho, hiyo imekuwa ndefu." Namwambia aandike tu.

Mimi ni Jerida. Baba alitoka Maragoli akaja kufanya kazi kwenye shamba la ngano la mzungu huko Mau Narok, nami nikazaliwa kambini mwa wafanyakazi. Kazi yake ilikuwa kushona midomo ya magunia na kuyapiga alama. Alikuwa na bati lililotobolewa jina la shamba. Analiweka juu ya gunia, anapitisha brashi ya rangi nyeusi, anainua bati, jina limebaki. Hapo ndipo nilipojifunzia kusoma, kabla sijaona mlango wa shule. Shida ni kwamba kwenye bati huwezi kutoboa herufi O yote, maana ile duara ya ndani itaanguka. Lazima uache vidaraja viwili vya kuishikilia. Mimi sikujua hayo. Nikafika shule ya misheni naandika O iliyopasuka juu na chini, na A yenye ufa.

"Wewe," mwalimu akaniuliza, "nani amekuvunjia herufi?"

Darasa likacheka mpaka likachapwa lote.

Nilipomaliza shule ya kati hakukuwa na pa kwenda. Dada yake baba alikuwa ameolewa na mfanyakazi wa reli Nakuru, wakiishi kwenye nyumba za landhi, zile safu za vyumba vya shirika la reli. Chumba kimoja, pazia katikati, mimi upande wa jiko. Shangazi ndiye aliyenipeleka kwa Bwana Hirji, Mhindi aliyekuwa na duka la kuchapisha nyuma ya soko. Kazi niliyopewa haikuwa ya kuchora. Ilikuwa ya kukunja karatasi na kushona vitabu vya risiti, kwenye meza ndefu, pamoja na msichana mwingine aliyeitwa Wambui.

Wambui alikuwa na vidole vya haraka na mdomo wa haraka zaidi. Siku ya kwanza alinitazama nikihangaika na sindano akasema, "Wewe unashona kama mtu anayetoa mwiba." Akanionyesha namna ya kupitisha uzi kwenye nta kwanza ili usikate karatasi. Tulikula pamoja, viazi vyake na ugali wangu. Saa sita kaka yake Njoroge alipita mlangoni kumletea chai kwenye chupa. Njoroge alitengeneza baiskeli kwenye kona ya soko, hatua chache tu kutoka kwetu. Alikuwa na pengo katika meno ya mbele na kovu lililougawa unyusi wa kushoto mara mbili, na akicheka uso wote ulikunjika kwenda upande mmoja. Alikuwa akiniuliza, "Jerida, leo umeshona wangapi?" kana kwamba nashona watu.

Fundi wa pale alikuwa Mutiso, Mkamba aliyekuwa amerudi kutoka vita vya Burma. Huko jeshini walimpa kazi ya kuandika namba kwenye magari, naye akarudi anaweza kuandika chochote juu ya chochote. Alipanga herufi za madini ya risasi, akaendesha mashine ya kukanyaga kwa mguu, akachonga picha kwenye lino, ile kama mpira mgumu wa kutandika sakafu. Siku moja alikuta nimechora mkono wa Wambui kwenye karatasi ya kutupwa. Akaikunja akaiweka mfukoni. Kesho yake akaniambia niache sindano, nije nimfagilie herufi zilizoanguka chini. Ndivyo nilivyoingia.

Nitawaambia alichonifundisha, mchukue mnachotaka. Alisema usitazame herufi, tazama hewa iliyo katikati yake. A ikikaa karibu na V, zisogeze, maana zinaegemeana. H ikikaa karibu na N, ziachie nafasi zipumue. Ninyi kompyuta inawasogezea, lakini inasogeza kama karani, si kama mtu mwenye macho. Alisema pia wino hujulikana kwa sikio. Rola ikipita juu ya wino unaotosha, inalia kama kitunguu kwenye mafuta ya moto mdogo. Ukisikia sauti ya buti kwenye matope, umezidisha, punguza kabla hujaharibu karatasi ya watu. Mpaka leo nikisikia mtu anakaanga kitunguu, natafuta karatasi.

Na kosa langu la kwanza kubwa: aliniachia nichonge kibandiko cha siagi kwa ajili ya mama mmoja wa kizungu mwenye ng'ombe wa maziwa huko Njoro. Nikachonga SIAGI SAFI vizuri kabisa, ukiisoma kwenye lino inapendeza. Nilisahau kwamba muhuri hugeuza. Karatasi zikatoka zimeandikwa IFAS IGAIS, na kila herufi imegeuka mgongo. Bwana Hirji akachukua moja, akaenda kwenye kioo cha kunyolea ndevu, akaisoma humo, akarudi.

"Nzuri sana," akasema. "Sasa tutampa kila mteja na kioo chake."

Lakini lililomkera Mutiso halikuwa herufi. Alikuwa akitazama ng'ombe niliyemchora juu yake, mwenye kengele shingoni na maua miguuni.

"Huyu ng'ombe umemwona wapi?"

"Kwenye mkebe wa maziwa ya unga, Fundi."

"Nimekuuliza umemwona wapi, sijakuuliza umemwiba wapi."

Akanipeleka mnadani siku tatu mfululizo nitazame ng'ombe. Nisichore, nitazame tu. Ya nne akanipa penseli. Nikachora ng'ombe wa Njoro kweli, mifupa ya nyonga imetokeza, sikio moja limekatwa alama, anatazama pembeni kwa wasiwasi kama wanavyotazama. Yule mama mzungu akasema ng'ombe wake hawana njaa. Mutiso akaniambia, "Mnenepeshe kidogo, lakini awe yuleyule." Nikamnenepesha. Kibandiko kile kilipendwa. Watu wakaanza kuja dukani wakisema wanataka "picha kama ile ya ng'ombe". Msichana aliyetoka kambini na herufi zilizovunjika sasa alikuwa anaulizwa kwa mkono wake. Mnajua ile hali. Unatembea barabarani unajiona mrefu.

Hapo ndipo nilipokuwa, mrefu hivyo, yalipotokea haya mengine.

Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa. Kama hamjui, ilikuwa miaka ambayo serikali ya wakoloni ilipigana na watu walioingia msituni kudai ardhi, na Mkikuyu yeyote, awe wa msituni au wa kushona risiti, alitembea na karatasi mfukoni za kuonyesha ana ruhusa ya kuwa pale alipo. Wambui alizishonea mfuko wa ndani ya gauni. Asubuhi akifika, kabla ya salamu, alikuwa anaugusa pale kifuani kuhakikisha.

Akaja dukani mzungu mmoja kijana, kutoka ofisi ya serikali iliyobandika picha za kuwatisha watu wasiwasaidie wale wa msituni. Alikuwa mpole, pua imebabuka na jua. Akamwekea Bwana Hirji karatasi mezani. Ilikuwa na picha ya shetani mwenye pembe na mikia miwili anatoka msituni.

"Hii mbaya," akasema kwa Kiswahili cha wazungu wa mashamba. "Watu naona, nacheka. Mimi nataka picha, mtu naona, naogopa."

Hakuna aliyeniuliza. Mimi ndiye niliyefungua mdomo. Nikasema, "Watu hawaogopi pembe, bwana. Wanaogopa mtu wanayemjua."

Akageuka akanitazama. "Wewe naweza chora?"

"Naweza."

Mutiso alikuwa anapanga herufi nyuma yangu. Nilisikia mikono yake imesimama. Baadaye alinivuta kando akasema, "Mwambie huwezi. Mwambie macho yanauma."

"Kwa nini, Fundi?"

"Kwa sababu itakuwa nzuri."

Nilidhani ananionea wivu. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minane, na sikuwahi kupewa karatasi kubwa namna ile.

Nilichora siku mbili. Miti, moshi wa kambi, na katikati mwanamume anaingia mlangoni mwa nyumba, panga limefichwa nyuma ya mguu, anacheka kama mgeni anayejulikana. Mwili ulikuja rahisi. Uso ulikataa. Nilichora nyuso tano, zote zimekufa. Halafu siku ya pili, saa sita imepita kidogo, mkono ukaanza kwenda wenyewe. Mdomo ukakunjika upande mmoja. Nikaweka pengo. Nikaugawa unyusi.

Mtaniuliza kama nilijua. Nimejiuliza hilo maisha yangu yote na sasa nimezeeka, sina sababu ya kujificha. Nilipofika kwenye meno nilijua. Nilijua, nikasema moyoni nitaligeuza hili baadaye, niweke pua nyingine, nifute kovu. Lakini kila nilipoinua kifutio nilitazama jinsi ule uso ulivyo hai, na nikashusha mkono. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuchora kitu ambacho hakikufanana na kazi ya mtu mwingine yeyote. Sikutaka kukiua.

Nilipokwisha kuichonga kwenye lino, Mutiso aliingia, akaiinamia.

"Huyu umemwona wapi?"

"Nimemtunga."

Akatoka nje. Kazi ya kuchapisha ile picha hakuifanya, alisema mguu unamsumbua. Nikaikanyaga mashine mwenyewe.

Wambui ndiye aliyepewa kuzikata kingo. Alichukua ya kwanza, akaitazama, akaitazama tena.

"Jerida, huyu ni nani?"

"Ni mtu tu."

Alizikata zote, moja moja, na rula. Hizo karatasi zilikuwa na kingo zilizonyooka kuliko kazi yoyote iliyotoka katika duka lile. Nafikiri alitaka kuniamini.

Zilibandikwa sokoni, kwenye ghala za posho, kwenye mashamba mpaka Molo na Olenguruone. Watu hawakucheka. Siku ya nne askari wawili walisimama kwenye kona ya soko mbele ya Njoroge, mmoja ameshika picha, anatazama picha, anamtazama yeye. Waliokuwepo wanasema Njoroge alidhani ni mzaha, akacheka. Ndipo pengo likaonekana. Wakamchukua na mikono yake ikiwa na grisi.

Wambui alinikuta kwenye meza ya kuchongea. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele.

"Nenda uwaambie," akasema. "Nenda sasa hivi, waambie ni picha. Waambie ulimchora kwa sababu anapita hapa na chai. Mkono ni wako."

Nikasema, "Ngoja nimwulize Bwana Hirji."

Bwana Hirji hakuwa mtu mbaya. Alifumba macho. Kisha akasema, "Ukienda, watauliza wewe unamjuaje. Halafu watauliza mimi naajiri nani. Siku hiyohiyo duka limefungwa, wewe, mimi, Mutiso, wote. Lakini miguu ni yako. Mimi sitakufungia mlango."

Mlango ulikuwa wazi, vijana. Barabara ilikuwa pale. Mutiso akavaa koti lake akasimama, akasema, "Nitakusindikiza." Nami nikakaa. Nilisema nitaenda kesho, watu watakuwa wamepoa. Kesho nikasema Jumatatu. Kabla ya Jumatatu, Wambui na mama yao walikuwa wamepakiwa na Wakikuyu wengine kwenye mabehewa kupelekwa Nyeri, mahali ambapo Wambui hakuwahi kuishi hata siku moja, maana yeye alizaliwa Njoro. Shangazi aliwaona kutoka landhi. Aliniambia Wambui alikuwa amebeba sufuria na hakulia.

Nilibaki kwenye kazi. Hili ndilo ambalo vitabu havisemi: mtu hutenda jambo kama hilo na kesho yake anaamka, anafungua duka, anachanganya wino. Mutiso aliendelea kunifundisha. Alinifundisha kuchapa rangi mbili bila kupishana, alinifundisha kuandika kwa dhahabu kwenye vioo vya madirisha ya maduka. Lakini hakuniuliza tena nimeona wapi. Alinionyesha, akaenda zake. Alipozidi kudhoofika macho alirudi Machakos, akaniachia patasi zake zimefungwa kwenye gazeti, bila neno. Sikuwahi kujua kama ilikuwa zawadi au alichoka tu kuzibeba.

Wateja waliongezeka. Nilichora vibandiko vya asali, vya ugoro, vya unga. Ile ofisi ilirudi mara mbili kutaka picha nyingine, nikasema macho yananiuma. Ilikuwa rahisi hivyo. Yule mzungu alisema "pole" akaondoka.

Miaka ilipita. Mwishoni mwa miaka ya hamsini mambo yalianza kulegea, watu wakaanza kurudi mmoja mmoja. Nikaitwa Naivasha na mfanyabiashara wa samaki aliyetaka jina lake liandikwe ubavuni mwa gari. Nilipomaliza nikatafuta chai. Upande wa ziwa, pale mnapopaita Kamere, palikuwa na kibanda cha mabati. Nikainama kuingia. Mwanamke aliyekuwa akipuliza moto akainua kichwa. Alikuwa Wambui.

Alinenepa kidogo, kichwa kimefungwa kitambaa. Tulitazamana. Nikasema jina lake. Akamimina chai, akaiweka mbele yangu, akarudi motoni. Sikujua kama ninywe au niondoke. Nilikunywa. Ilikuwa ya moto sana ikaniunguza ulimi, nikaendelea.

Nilipoinuka nikasema, "Wambui, nimekosa."

Alijibu bila kugeuka. "Mimi si wa kuambiwa. Yuko nyuma."

Nyuma ya kibanda Njoroge alikuwa amekaa kwenye kreti, baiskeli imepinduliwa mbele yake. Nywele zilikuwa na mvi ambazo hazikuwa za umri wake. Mguu mmoja ulikuwa umenyooka mbele, haukunjiki. Nilikuwa nimebeba maneno tangu Nakuru, miaka yote ile nikiyapanga kama herufi kwenye sanduku, na yote yakamwagika. Nikasema tu, "Ile picha niliichora mimi."

"Najua."

"Alikwambia Wambui?"

"Hakuniambia mtu." Alikuwa anazungusha gurudumu polepole, anatafuta mahali lilipopinda. "Walipoiweka mezani mbele yangu nilijua. Nani mwingine Nakuru nzima angeweza kuyachora meno yangu namna ile? Nilikaa nayo siku nzima mbele ya macho. Nikasema huyu msichana ananiona vizuri."

Alisema bila kejeli. Hicho ndicho kilichonivunja.

"Kwa nini hukunitaja? Ungesema nilikuchora kwa kukujua tu. Labda wangekuachilia."

"Labda." Akazungusha tena. "Na labda wangekuuliza umenijuaje, umekula na nani, umesikia nini. Tungekuwa wawili mle ndani. Ingenisaidia nini?"

Nilisimama pale nalia kama mtoto, nikiwa na rangi ya gari la samaki kwenye mikono. Hakuniambia ninyamaze. Hakuniambia amenisamehe, na mimi sikuthubutu kuuliza. Alichukua spana chini, akaipangusa kwenye suruali, akatazama gurudumu, kisha akanitazama mimi.

"Shika hapa," akasema. "Kaza, lisizunguke."

Nikapiga magoti kwenye vumbi nikashika, naye akaanza kunyoosha spoki moja baada ya nyingine.